Wandani wako: barua kwa binti yangu

Elegu, usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na ule mguu uliokuwa ukivimba umetulia. Lori liko yadini tangu jana mchana. Mbele yangu kuna foleni ya trela zinazosubiri karatasi zao ndipo tuvuke kwenda Nimule, upande wa Sudan Kusini. Taniboi, msaidizi wangu wa lori, amelala chini ya trela kwenye mkeka wake, nami nimewasha taa ya kabini nikuandikie. Jambo lenyewe nikilisema kwa simu litakatika katikati, na sitaki likatike.

Siku mbili kabla hujarudi Makerere, ulikuwa umekaa nyuma ya nyumba unazungumza na wenzako kwa simu. Mimi nilikuwa bombani naosha miguu. Mlikuwa mnamcheka msichana mmoja wa hosteli yenu pale Kikoni, yule mwenye magauni mawili, moja la mwanzo wa wiki na lingine la kumalizia wiki. Wewe ndiye uliyempachika jina, wenzako wakaangua kicheko. Sikukwambia kitu. Usiku nililala na kicheko kile masikioni, kwa sababu hakikuwa chako, mama. Wewe ndiye uliyempa mtoto wa jirani sare yako ulipokuwa darasa la sita, ukamwambia imekubana, kumbe bado ilikuwa inakuenea vizuri. Ulidanganya ili asione haya kuipokea. Binti yangu yule sijui alikuwa wapi siku ile ya simu.

Sikuandikii kukugombeza. Najua kitu cha namna hiyo kinavyomwingia mtu, maana nami kiliwahi kuniingia, na sijawahi kukusimulia.

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilikuwa na rafiki, dereva mwenzangu, mcheshi kweli, mtu ambaye ukiwa naye njia inakuwa fupi. Tulikuwa tunalala vituo vimoja. Usiku mmoja aliniita nimshikie tochi. Aliingiza mpira kwenye tangi la lori lake, akavuta kwa mdomo, akatema, dizeli ya tajiri wake ikaanza kushuka ndani ya jerikeni. Mkono wangu ulitetemeka hadi mwanga wa tochi ukawa unacheza ukutani. Alinicheka. Safari iliyofuata tulichota kwenye tangi langu, na mkono haukutetemeka. Safari ya tatu, mwanangu, mimi ndiye niliyeuliza jerikeni liko wapi. Hakunilazimisha hata siku moja. Nilikuwa tu karibu naye, kila jioni, tunakula sahani moja.

Niliacha, na nisingependa uniheshimu bure kwa hilo, kwa sababu sikuacha kwa nguvu zangu. Niliacha kwa sababu nilianza kulaza lori upande mwingine. Upande ule alikuwa akilala mzee mmoja wa Mombasa, tuliyemwita Mzee wa Changamwe. Kila jioni, kabla hajanawa mikono, alichukua kijiti chenye alama za kisu, akakitumbukiza tangini, akakitoa, akatazama ulowevu umefika alama ipi, akaandika kwenye daftari la shule. Tajiri wake hakuwahi kuliomba daftari lile. Nilimwuliza anamwandikia nani. Akanijibu, "Najiandikia mimi." Hakunihubiria, wala hakuniuliza habari zangu. Baada ya wiki kadhaa nikajikuta natafuta kijiti changu.

Mzee huyo ndiye aliyenipa kitabu unachokiona kwenye dashibodi kila nikija nyumbani. Ilikuwa mwaka 2020, wakati madereva tulikuwa tukipimwa korona mpakani. Foleni ya Malaba ilikuwa imerudi nyuma hadi unasahau ilikoanzia. Siku ya tatu ya kukaa kwenye kiti aliniletea chai na kitabu cha barua za Seneca, Mrumi aliyekuwa akimwandikia rafiki yake Lucilius. Ni barua 124 kwa jumla. Nikafikiri ni mambo ya wasomi. Nikafungua tu kupitisha muda, nikaangukia barua ya saba.

Humo Seneca anaeleza kwamba alikwenda uwanjani mchana akitarajia burudani, akakuta watu wanachinjana na umati unashangilia. Halafu anajichunguza yeye mwenyewe. Anasema anarudi nyumbani akiwa na uchoyo zaidi na tamaa zaidi ya makuu, tena mkatili zaidi, kisa tu alikuwa miongoni mwa watu. Nilisoma sentensi hiyo nikakumbuka tochi ile. Hakuwa ameshika upanga, alikuwa amekaa tu akitazama, kama mimi nilivyoanza kwa kushika tochi tu.

Tangu siku hiyo kipimo changu cha rafiki ni hicho, na ndicho ninachotaka kukupa. Usijiulize kama anakufurahisha, maana yule wa jerikeni alinifurahisha kuliko wote. Jiulize unarudi vipi chumbani kwako baada ya kuwa naye. Chomeka kijiti tangini. Umerudi na moyo mpana au mwembamba? Una hamu ya kitabu chako, au unaona kila kinachokuhusu ni cha kishamba, pamoja na mama yako na chapati zake?

Seneca huyu hakuwa malaika. Alikuwa mwalimu wa Nero, kisha mshauri wake Nero alipokuwa kaisari, na mwaka 65 baada ya Kristo Nero huyo huyo akamwamuru ajiue. Barua hizi aliziandika miaka yake ya mwisho, alipokuwa amejitenga na ikulu. Ndiyo maana namwamini anapoandika juu ya ukaribu. Alikaa karibu na mtu asiyefaa kukaribiwa, na alijua bei yake.

Seneca na wenzake wa falsafa yake waliitwa Wastoa. Stoa kwa Kigiriki ni baraza lenye nguzo, na lile lao, pale Athens, lilikuwa na michoro ukutani. Walikuwa watu wa barazani, kama wazee wetu. Na mwanzo wao, miaka 300 hivi kabla ya Kristo, unanigusa mimi kama mtu wa mizigo. Zeno, mwenyeji wa Citium kisiwani Saiprasi, alikuwa mfanyabiashara, husimuliwa kwamba chombo chake kilizama na shehena ya rangi ya zambarau. Akafika Athens mikono mitupu, akaketi kwenye duka la vitabu, akamsikia mwenye duka akisoma habari za Socrates, mwenye hekima wa zamani. Akauliza, watu wa namna hii wanapatikana wapi? Wakati huohuo mwanafalsafa Crates akawa anapita njiani. Mwenye duka akamwonyesha kidole: mfuate yule.

Hilo swali la Zeno nimelirudia mara nyingi nikiwa barabarani. Mtu amepoteza mali yote, halafu anaulizia watu. Nami nakuomba uliulize hapo Makerere, maana wapo. Wapo maktaba, wapo kwenye benchi la nyuma, pengine mmoja anauza roleksi, zile chapati za mayai, pale Wandegeya ili alipe ada. Watu wengi Kampala watakushauri utafute marafiki wa kukuunganisha na kazi. Sina mengi juu ya hilo. Urafiki wa faida huisha faida inapoisha, na umekwisha kuona ndoa na biashara za watu wa mtaani kwetu zilivyokwenda.

Lakini nina neno kuhusu magauni mawili. Aliyeshika uongozi wa baraza lile baada ya Zeno aliitwa Cleanthes. Alikuwa bondia, aliingia Athens na drakma nne, fedha za huko. Usiku alichota maji kwenye bustani za watu, mchana akasoma. Hakuwa na fedha za kununua karatasi, akawa anaandika masomo kwenye vigae na mifupa ya bega la ng'ombe. Siku moja aliwapeleka vijana kutazama maonyesho, upepo ukapeperusha vazi lake, watu wakaona hana shati ndani. Watu wa Athens walimpigia makofi. Wangeweza kucheka, binti yangu, uwanja mzima, lakini walipiga makofi, na nadhani kila aliyekuwepo alirudi kwake akiwa mtu bora kidogo. Huyo msichana wa hosteli yenu simjui. Ninajua tu kwamba mtu anayefika chuo kikuu na magauni mawili amebebwa na kitu kizito zaidi ya nguo.

Mwingine ni Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, tena kilema wa mguu. Anasema ukiweka kaa lililozimika kando ya kaa linalowaka, ama hili litazima, ama lile litawaka. Unajua mama yako anavyowasha sigiri. Huomba kaa moja la moto kwa jirani, hulilaza katikati, huweka meusi machache pembeni, hupepea kwa kifuniko cha sufuria. Ukilirundikia meusi mengi kabla lile moja halijakolea, moto unakufa, tunabaki na moshi. Epictetus aliwaonya wanafunzi wake vivyo hivyo: kabla mawazo yenu hayajashika mizizi, angalieni mnakaa na nani, la sivyo mnayoyaandika darasani yatayeyuka kama nta juani. Wewe bado kaa changa. Si aibu. Ukikolea utakaa na yeyote, na utawasha wengine.

Nisije nikaeleweka vibaya, kwamba nakutuma uwadharau hao wenzako wa simu. Marcus Aurelius, kaisari wa Roma, alijiambia kila asubuhi kwamba leo atakutana na mjuaji, na asiye na shukrani, na mwenye kijicho, na kwamba hao wote ni ndugu zake. Tumeumbwa kusaidiana kama miguu miwili, kama meno ya juu na ya chini. Wasalimie, kula nao, mwuguze anayeumwa. Ila mwandani ni neno lingine. Mwandani ni wa ndani. Seneca anasema fikiri muda mrefu kabla hujamkubali mtu, lakini ukishamkubali mfungulie moyo wote. Wengi tunageuza: tunafungua kwanza, ndipo tunaanza kuchunguza.

Waswahili tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli, lakini kuna upande wa pili, nao nimeupata kwa Seneca. Anasema mwenye hekima hamtafuti rafiki ili apate wa kumkalia kitandani akiugua, bali ili apate wa kumkalia yeye. Mzee wa Changamwe alipolazwa Mombasa, nilikuwa nimeshusha mzigo bandarini. Nilikaa naye usiku mbili. Nilimkata kucha za miguu, maana hakuweza kuinama tena, na kucha zilikuwa ngumu kama pembe. Aliniomba nimsomee barua ya saba. Sijawahi kumlipa mtu yeyote deni kwa furaha kama usiku ule.

Na kitabu kutoka mkono hadi mkono si jambo dogo. Marcus, mwanzoni mwa daftari lake, anataja mtu mmoja mmoja na alichopata kwake: babu yake, mama yake, walimu wake. Anapofika kwa mwalimu wake Rusticus, anamshukuru kwa kumwazima maneno ya Epictetus, nakala yake mwenyewe. Hivyo ndivyo maneno ya mtu aliyezaliwa mtumwa yalivyofika mikononi mwa kaisari.

Nimejaribu nami usiku huu kuandika majina namna hiyo. Kwa mama yako, nimepata kutosema jambo la hasira kabla ya chakula. Kwa Mzee wa Changamwe, kijiti. Kwa taniboi huyu anayekoroma, kuuliza njia bila kuona haya. Kwa wewe, mwanangu, nimeandika: kumpa mtu kitu bila kumfanya ainamishe kichwa. Andika na wewe orodha yako, majina ya hao unaoshinda nao, na mbele ya kila jina ulichopata. Penye nafasi tupu, paache tupu, usijaze kwa huruma. Huna haja ya kunionyesha.

Kitabu nakutumia. Dereva mwenzangu anayerudi Kampala kesho atakiacha kwa mlinzi wa geti la hosteli, kimefungwa kwa gazeti, pamoja na karanga za mama yako. Usikibadilishe jalada. Hiyo alama nyeusi kwenye barua ya saba ni ya dizeli, dole gumba la Mzee, na pembeni yake kuna langu. Karanga ni nyingi kuliko unavyoweza kuzimaliza peke yako. Gonga mlango wa yule msichana.

Wanaita namba za magari huko mbele, naona foleni imesogea.

Baba yako