Misuli ikikaza, magnesiamu ipimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie adha ambayo wagonjwa wengi wa saratani huivumilia kimya kimya kwa kudhani kuwa haina dawa: misuli kukaza ghafla, hasa usiku, wakati wa matibabu na hata miezi kadhaa baada ya kuyamaliza.

Mke wangu alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, mara moja kwa wiki. Baada ya dripu ya nne alianza kushtuka usingizini akilia kwa maumivu, shavu la mguu limekuwa gumu kama jiwe na vidole vimejikunja kuelekea unyayoni. Nilijifunza kumnyoosha goti, kisha kuvivuta vidole polepole kuelekea usawa wa uso wake mpaka msuli ulegee. Kliniki tuliambiwa kuwa ni uchovu. Baadaye vipimo vilipoonyesha kuwa potasiamu, moja ya chumvi za damu, imeshuka, aliandikiwa dawa ya kuiongeza, akainywa wiki tatu mfululizo, na kipimo kikabaki pale pale. Ni muuguzi mmoja wa zamu aliyeuliza kama magnesiamu, madini mengine ya damu, imewahi kupimwa. Haikuwa imepimwa. Ilipopimwa ilikuwa milimoli 0.45 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida ni takriban 0.7 hadi 1.0.

Nilipoelezwa kisa chake nilisikitika, kwa kuwa jambo lenyewe linajulikana siku nyingi. Sisplatini huumiza vijifereji vya figo ambavyo kazi yake ni kuirudisha magnesiamu mwilini, nayo ikapotelea kwenye mkojo. Upotevu huo waweza kuendelea muda mrefu baada ya dripu ya mwisho. Magnesiamu ikipungua, figo huiachia na potasiamu, na vitezi vidogo vya shingoni vinavyosimamia kalsiamu huzembea, hata kalsiamu nayo ikashuka. Kumpa mgonjwa wa namna hiyo potasiamu peke yake ni kutia maji kwenye pakacha. Tatizo ni kwamba vipimo vya kawaida vya chumvi za damu mara nyingi huishia kwenye sodiamu, potasiamu na kloridi. Magnesiamu haipimwi mpaka daktari aiandike. Tena iliyomo kwenye damu haifiki hata asilimia 1 ya ile ya mwili mzima, kwa hiyo majibu mazuri hayatoshi kumfukuza mgonjwa anayelalamika.

Si sisplatini pekee. Setuksimabu, dawa nyingine ya saratani, nayo huiteremsha magnesiamu, na omeprazo, ambayo wengi huinywa miezi na miezi kwa ajili ya kiungulia, yaweza kufanya vivyo hivyo. Kutapika na kuharisha humaliza potasiamu. Aliyeondolewa tezi ya thairoidi, au anayechomwa denosumabu ya kulinda mifupa, huweza kuishiwa kalsiamu, na dalili yake ya mapema ni ganzi na mchonyoto kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole.

Hata hivyo nisieleweke kuwa nawahimiza wagonjwa wakajinunulie vidonge. Oksaliplatini na vinkristini, nazo dawa za saratani, huumiza mishipa ya fahamu, na maumivu ya aina hiyo hayaondoki kwa kuongeza madini. Vidonge vya magnesiamu vyenyewe huharisha, na kwa mwenye figo dhaifu hujilimbikiza; potasiamu ikizidi yaweza kuusimamisha moyo. Kuhusu kwinini, ambayo wazee wetu waliisifu kwa maradhi haya, madhara yake kwa damu na moyo ni makubwa mno kuifanya tiba ya kujianzishia nyumbani. Chakula chenye mbegu, kunde na mboga za majani kinafaa, lakini upungufu mkubwa hauzibiki kwa sahani.

Si kila maumivu ya mguu ni msuli kukaza, vilevile. Mguu mmoja ukivimba, ukapata joto na kuuma bila kuachia, huenda ni damu iliyoganda mshipani, na saratani huongeza hatari hiyo. Hapo usiuchue, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mapigo ya moyo yanayoruka na degedege navyo havingoji tarehe ya kliniki.

Ombi langu kwa wakuu wa kliniki za saratani ni dogo: magnesiamu iandikwe kwenye fomu ya kila anayepewa sisplatini, ipimwe kabla ya kila dripu na iendelee kufuatiliwa baada ya tiba kwisha. Mgonjwa naye aende na orodha ya dawa zake zote, ile ya kiungulia ikiwemo, na aandike ni usiku gani misuli ilikaza na kwa muda gani.

Mke wangu alipewa magnesiamu kwa dripu siku kadhaa, na kabla ya wiki mbili kwisha potasiamu ilikuwa imerudi mahali pake. Dawa ya potasiamu ilikuwa ile ile, na kipimo cha kunywa kile kile.

Ni mimi msomaji wako.