Ziwa Duluti sio ukumbi wa sherehe

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi sana na sijawahi kuwaandikia hata mstari, hata mlivyokuwa mnakosea jina la kata yetu nilinyamaza nikasema watajirekebisha. Lakini ile ripoti yenu ya matembezi ya kiangazi kuzunguka Ziwa Duluti imenikaba. Nusu ukurasa nzima, picha kubwa ya watu wamevaa tisheti za rangi moja wameruka juu, na maelezo kwamba vijana sasa wameamka, wanapenda utalii wa ndani, waongezewe njia pana na taa ili waje wengi zaidi. Ziwa lenyewe mmelipatia sentensi mbili, na moja inasema lina mandhari ya kuvutia, sentensi ambayo ungeweza kuibandika kwenye ziwa lolote lile duniani.

Duluti ni kreta. Volkano ilifumuka, shimo likabaki, likajaa maji, hapa kwetu Tengeru chini ya Mlima Meru, jirani kabisa na Arusha mjini ukishika barabara ya Moshi. Hakuna mto unaoingia na hakuna mto unaotoka, maji yake yanatoka chini ya ardhi na mengine ya mvua, basi. Mwandishi wenu angeandika hilo moja tu watu wangeelewa kwamba chupa ya plastiki ikitupwa pale haina mahali pa kwenda, na mbolea na dawa zikisombwa na mvua kutoka mashambani nazo hazina pa kwenda, zinabaki humo humo na samaki wetu. Na msitu unaolizunguka ni ukanda mwembamba, kuna sehemu ukisimama njiani unaona maji upande mmoja na migomba ya watu upande wa pili. Huo ukanda ndio uliobaki. Humo wanaishi kima, hondohondo, kenge wanaoota jua kwenye magogo yaliyolalia majini, na wakati wa kiangazi unakuta na ndege wadogo waliokimbia baridi ya Ulaya wanatembea pale ukingoni wanatikisa mkia. Mtu anasafiri kutoka bara lingine kwa mabawa kuja kupumzika Tengeru, sisi wenyeji tunamwekea muziki!

Sasa niwaambie nilichokiona mwenyewe. Jumamosi moja kiangazi hiki nilimchukua mjukuu wangu, anakaa Dar, ana miaka tisa, usiku mzima alikuwa ananiuliza furukombe, yule tai mla samaki, anavuaje samaki maana shuleni wamemchora tu. Tukaingia asubuhi mapema, Meru iko wazi kabisa haina wingu, tukatembea taratibu mpaka pale mizizi ya mkuyu inaposhuka majini, na kweli juu ya mti mkavu ng'ambo kidogo alikuwepo, kichwa cheupe, kifua cheupe, anaangalia maji. Nikamwambia mtoto tukae chini, usiongee, ataruka tu. Tukakaa. Mtoto akatulia sijawahi kumwona ametulia hivyo, kashika goti langu. Ndio nikaanza kusikia dundo linakuja nyuma yetu, kwanza nikadhani ni gari barabarani, kumbe ni spika, ile kubwa ya magurudumu, wanaivuta kwenye njia ya msituni, watu labda arobaini, mmoja ana kipaza sauti anawaambia twende twende mikono juu, wengine wanakata matawi wapate kivuli kizuri cha picha, na mwingine akarusha droni. Droni ikaenda moja kwa moja kwenye ule mti. Yule ndege akapiga kelele mara mbili akaondoka, akavuka ziwa akapotelea upande wa pili, na mnandi, wale ndege weusi wa majini, wote waliokuwa wanakausha mabawa pale chini wakaruka wakamfuata. Nikamfuata kiongozi wao, kijana mstaarabu tu kwa kumwangalia, akaniamkia shikamoo bibi vizuri kabisa, nikamwomba azime angalau mpaka wapite kona, akanijibu bibi na sisi tumelipa kiingilio kama wewe, hapa ni pa wote. Wote nani? Yule ndege hayumo kwenye wote? Mjukuu wangu aliyetoka Dar kuja kuona kitu kimoja hayumo? Watu arobaini wamelipa, ndio, lakini walicholipia ni kuingia msituni na wao msituni hawakuingia, walipita na sherehe yao kama ambavyo wangepita nayo kwenye uwanja wa mpira, na nina hakika hakuna hata mmoja kati yao aliyeondoka pale anajua jina la mti aliouegemea kupiga picha. Na hao ndio ninyi mmewaweka ukurasani mkawapongeza.

Na shule zetu je? Maana hili nalo linaniuma, nimefundisha biolojia mpaka nimestaafu. Kila mwaka wazazi wa hapa Arumeru wanachangishwa hela ya basi watoto wakaone Ngorongoro, wanafika wamechoka, wanaangalia kwa dirishani, wanarudi usiku. Hapa hapa Tengeru kuna kreta yenye maji ambayo mtoto anaizunguka kwa miguu yake asubuhi moja, lakini anamaliza kidato cha nne hajawahi kuikanyaga. Hata yale makaburi ya Wapolandi yaliyo jirani na ziwa, watoto hawajui wale walikuwa nani, kwamba ni wakimbizi wa vita kuu ya pili, maelfu, wengi wanawake na watoto, wakaletwa kuanzia 1942 wakaishi hapa miaka kadhaa wakalima na kusoma hapa hapa. Mtoto mmoja akiuliza mwalimu anasema ni wazungu tu.

Ninachotaka kifanyike ni hiki. Getini liwekwe kabati lenye kufuli, kila spika iingie humo na mwenyewe apewe namba, akirudi anachukua, kama tunavyoacha viatu msikitini na hakuna anayelalamika. Droni zisiruke kabisa. Kikundi kisizidi watu kumi, kingine kisubiri nusu saa ndio kiingie. Njia msiipanue hata inchi moja, na hizo taa mnazozitamani zikafungwe sokoni Tengeru ambako kina mama wanafungasha nyanya gizani.

Na ninyi mtumeni tena mwandishi wenu. Asije Jumamosi, aje Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi awe ameshafika getini, peke yake na mwongozaji mmoja anayejua ndege kwa majina ya Kiswahili, azunguke ziwa lote bila kuweka kitu masikioni, halafu aandike alichosikia. Mmpe nusu ukurasa ile ile. Nafasi ikiwa ndogo punguzeni picha.

Mwalimu mstaafu,
Tengeru