Barua ya Wazi kwa Gavana wa Mombasa: Wazee Tuliowafungia Ndani

Mheshimiwa Gavana,

Salaam na heshima. Nakuandikia kwa ajili ya marehemu babangu, na wazee wenzake wa Mji wa Kale walioketi ndani wakati wa Korona bila mtu wa kuwauliza wameamkaje.

Mji wa Kale ulifungwa Mei 6, 2020, katikati ya Ramadhani. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Mimi niko Likoni. Yeye, miaka 74, alikuwa peke yake ghorofani tangu mama afariki. Kila magharibi nilimpigia simu, na kila mara alinijibu hajambo. Jirani yake, mama mmoja, alikuwa akimwekea sahani ya tambi na mbaazi ngazini, anabisha, kisha anarudi nyuma. Huyo ndiye aliyenieleza baadaye: kila alasiri mzee alivaa kanzu na kofia, akateremka ngazi, akakaa kwenye kigoda nyuma ya mlango uliofungwa, akisikiliza njia. Ndiyo ilikuwa saa yake ya barazani, ya kahawa chungu na kashata.

Maradhi yalikuwa ya kweli, na waliokufa zaidi ni wa umri wake. Sisemi mji usingefungwa. Lakini baraza kwa mzee si mahali pa porojo tu. Hapo ndipo wenzake humwona amekonda, anayumba, anarudia maneno. Tuliifunga, na mahali pake hatukuweka kitu.

Vizuizi vilipoondolewa mwezi Juni, nilimkuta anatembea kwa kushika ukuta. Miguu iliyokuwa ikimpeleka soko la Marikiti na kumrudisha haikumfikisha hata pembeni mwa mtaa. Vidonge vya sukari alikuwa akivimeza nusu nusu visimwishie, na hakusema, asinitie wasiwasi. Kisha mwezi Julai nyumba za ibada zikafunguliwa, kwa wenye miaka 13 hadi 58. Hilo lilimuuma kuliko yote. Aliniuliza, "Mwanangu, kwani ugonjwa ni mimi?" Sikuwa na jibu.

Mheshimiwa, ombi langu halihitaji jengo jipya. Wahudumu wa afya ya jamii wanazijua nyumba za mitaani mwao. Waanze sasa kuwaandika wazee wanaoishi peke yao, Mji wa Kale, Majengo, Likoni, Changamwe, Kisauni. Kila mzee awe na mtu wake anayejulikana, wa kumgongea kila siku mji ukifungwa tena, iwe kwa maradhi au mafuriko: amfikishie dawa za mwezi mzima, amshike mkono wapige hatua japo za uani, akae amsikilize. Na mtu huyo awe na kibali cha kupita vizuizini kama daktari.

Yule mama wa sahani ngazini sasa naye ni mtu mzima sana, na watoto wake wako mbali. Naomba orodha ianze na yeye.

Wako mtiifu,
Binti wa Mji wa Kale, mkaazi wa Likoni