Masinki ya haja ndogo yasiyopoteza maji

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu upotevu wa maji katika majengo ya umma. Mliandika kwa kirefu juu ya mabomba yanayovuja, lakini vyoo vya wanaume mmevigusa kwa sentensi moja tu. Huko ndiko maji mengi yanakopotelea.

Sinki la haja ndogo la kawaida hutumia takriban lita 3.8 kila linapomwagiwa maji, na ya zamani hutumia zaidi. Yapo yanayosafishika vizuri kwa nusu lita. Sinki likitumiwa mara 200 kwa siku, tofauti hiyo ni lita 660, na hilo ni sinki moja tu! Mabaya zaidi ni yale ya tangi linalojimwaga lenyewe kila baada ya muda, usiku kucha, jengo likiwa tupu.

Wapo wanaopendekeza yasiyotumia maji kabisa. Hayo yanafaa pale tu penye usimamizi wa dhati, kwa sababu kizibo chake chenye kimiminika cha kuzuia harufu lazima kibadilishwe kwa wakati. Kikisahauliwa, choo hunuka na mabomba huziba kwa chumvi ya mkojo inayoganda.

Kwa hiyo nashauri wamiliki wa majengo waanze kwa kuyawekea matangi yanayojimwaga yenyewe vali za kuzima maji usiku. Halafu kila sinki linaloharibika libadilishwe kwa la nusu lita, na mamlaka zisiidhinishe ramani ya jengo jipya lenye masinki ya mtindo wa zamani.

Msomaji wenu