Jumamosi: Mtemvu na chama chake

Asalaam aleikum wana baraza wa Mikindani. Jumamosi saa kumi, chini ya mwembe uleule, zamu ni ya kumzungumzia Zuberi Mtemvu, mwanasiasa wa Tanganyika. Mwaka 1958 kwenye mkutano wa Tabora, TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, iliridhia kuingia uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mtemvu akagoma, akatoka, akaunda African National Congress. Afrika ni ya Waafrika, basi! Mimi shuleni nilikariri mkutano, yeye sikumsikia kabisa. Urais wa 1962 akaambulia kura 21,276. Nyerere wa TANU alipita milioni moja. Mwaka 1965 sheria ikabakiza TANU peke yake Tanzania Bara.

Mihogo ipo. Sukari tuchange, ya juzi iliisha kabla hoja haijaanza.