Fomu ya Karisa

Shoga yangu Kadzo,

Habari za siku nyingi? Mama miguu yaendeleaje? Huku tu wazima, ila joto latumaliza. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, na hili la Karisa kukuomba umdhamini mkopo nimeona nikuandikie, uwe nalo mkononi Karisa akija Ijumaa.

Mwanao ni kijana mwema, sibishi. Lakini fomu haiulizi wema wake. Ataka mkopo wa 300,000 anunue tuktuk, na akiba yake kwenye sacco, hicho chama chenu cha akiba na mikopo, ni 100,000. Zile 200,000 zilizobaki zashikiliwa na akiba zenu wadhamini wanne, 50,000 kila mtu. Maana yake, katika 160,000 zako, 50,000 zafungwa mpaka amalize kulipa. Huzitoi, na ukitaka kujiondoa utaambiwa ulete kwanza mtu wa kushika nafasi yako. Miezi 36, Kadzo, nawe una miaka 49 na vyumba vya Utange havijaezekwa.

Kaa naye mpige hesabu. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, ikihesabiwa kwa deni lililobaki tu, atalipa kama 9,964 kila mwezi. Akiwa barabarani siku 26, ni karibu 385 kila siku, kando ya petroli, bima na tairi. Na siku tuktuk imelala gereji? Asikujibu "tutaona". Akujibu kwa shilingi.

Fomuni mna sehemu ya kiasi unachodhamini. Wakikwambia itajazwa ofisini, kataa. Andika mwenyewe, kwa tarakimu na kwa maneno, kisha piga picha. Tafuta pia kama wadhamini wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Ikiwa ndivyo, Karisa akishindwa kulipa na akiba ya mwenzenu isitoshe, pengo lawarudia nyinyi wengine, na 50,000 yaweza kupita 50,000.

Nakujua. Tangu Baba Dama afariki, kila mwenye shida abisha kwako, nawe waona haya kusema la. Basi mwambie hivi: "Udhamini siwezi, lakini nakuwekea 10,000 kwenye akiba yako." Iwe zawadi, usiidai. Yamwongezea akiba yake mwenyewe, na kwako yaishia hapo hapo. Angalia tu uiweke kwenye akiba, si kwenye hisa, kwa sababu hisa hairudishwi mtu akitoka, huhamishiwa mwanachama mwingine tu.

Halafu pita sacco, uombe orodha ya wote uliowadhamini, hata wa zamani. Ile dhamana ya Ramla iliisha, au yaendelea kimya kimya? Wadhamini wenzio watatu ni kina nani, na akiba zao ziko huru? Dama umemwambia? Mabati ya Utange umeyatengea ngapi mpaka sasa?

Na kweli hujatia sahihi bado? Nijibu hilo kwanza, hata usiku.

Ni mimi,
Mama Neema