Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu: Programu ya Alasiri Ibaki Bure, na Isigeuzwe Darasa la Pili

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa hisabati katika shule ya kati, na msimamizi wa mojawapo ya vikundi vya programu ya bure inayoendeshwa shuleni baada ya saa za masomo. Waraka uliosambazwa kwa wakuu wa shule unapendekeza mambo mawili kuanzia mwaka ujao: kwamba kila mzazi atoe mchango mdogo kila muhula, na kwamba vipindi vya robotiki, uchoraji, maigizo, chesi na muziki vipunguzwe ili nafasi yake ichukuliwe na mazoezi ya mitihani. Sina shaka na nia ya waliouandaa, maana fedha ni chache, na matokeo ya mitihani ndiyo kipimo ambacho hata ofisi yako inapimwa nacho. Hata hivyo, naomba mapendekezo yote mawili yaondolewe, na nimeamua kueleza sababu zangu hadharani kwa kuwa jambo hili linawahusu wazazi wengi ambao hawajapata kuuona waraka huo.

Nianze na hilo la mitihani, kwa sababu ndilo linaloonekana kuwa na hoja nzito zaidi. Programu hii ni ya hiari, na wanafunzi wake wana umri wa miaka 11 hadi 14. Mtoto wa miaka saba hubaki pale mzazi wake alipomwacha, lakini wa miaka 13 huamua mwenyewe, na asipopendezwa atatoka langoni pamoja na wenzake bila kumuaga mtu. Wa kwanza kutoka watakuwa wale ambao waraka unadai kuwasaidia, yaani wanaopata alama za chini, ambao wameshakaa darasani tangu asubuhi wakikumbushwa kila saa kwamba hawajui. Watakaobaki na karatasi za mazoezi ni wale ambao wangefaulu hata bila sisi, na mwisho wa mwaka tutaandika ripoti kwamba washiriki wa programu wamefanya vizuri. Ripoti hiyo itakuwa ya kweli, ila haitakuwa na maana yoyote.

Ushahidi kutoka kwingine nao hauwafurahishi watu wa upande wowote, na kwa sababu hiyo nauona kuwa wa kuaminika. Mwaka 2003 tathmini kubwa iliyofanywa Marekani kuhusu vituo vya baada ya shule vinavyogharimiwa na serikali kuu ilionyesha kwamba vilikuwa na athari ndogo mno katika matokeo ya masomo, na kwamba mahudhurio yalikuwa hafifu. Serikali ya Rais George W. Bush iliichukua ripoti hiyo na kupendekeza bajeti ya vituo ipunguzwe kutoka dola bilioni 1 hadi milioni 600, pendekezo ambalo Bunge lilikataa. Miaka saba baadaye, mtafiti Joseph Durlak na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 68 kuhusu programu za aina hii, wakaona kuwa wastani ulikuwa umeficha makundi mawili tofauti. Programu zilizofundisha stadi mahususi kwa hatua zinazofuatana, zikawafanya watoto watende badala ya kusikiliza tu, na zikatenga muda wa kutosha kwa shughuli hiyo, ziliinua hali ya watoto kujiamini, mwenendo wao na hata alama zao za darasani. Zile zilizokosa sifa hizo hazikuwa na faida ya kupimika. Kwa hiyo ninakubaliana na waraka kwamba kuwaweka watoto shuleni hadi jioni hakutoshi. Ninachokataa ni kudhani kwamba tiba yake ni kurudia somo la asubuhi.

Naomba nitoe mfano mmoja kutoka katika kikundi changu cha robotiki, ambako wanafunzi huunda magari madogo, kwa kuwa hisabati ndiyo somo linalotajwa zaidi katika waraka. Anayetaka gari lake dogo lipande mteremko huligundua haraka tatizo la gia: yenye meno 8 ikiizungusha yenye meno 40, ile ndogo lazima izunguke mara tano ili kubwa izunguke mara moja, na kasi inayopotea hurudi kama nguvu. Huo ni uwiano, mada ileile ambayo mwanafunzi huyo huyo aliiacha wazi katika karatasi ya mtihani. Tofauti ni kwamba hapa jibu likiwa si sahihi gari halipandi, na hakuna mwalimu anayelazimika kusema neno. Atabadilisha gia, atajaribu tena, atabishana na mwenzake, na baadaye atauliza kwa hiari yake jinsi ya kukokotoa kabla ya kufunga gia. Sidai kwamba kila kipindi huwa hivyo. Vingine hupotea katika kutafuta skrubu. Lakini hali hiyo ya kuuliza kwa hiari sijaiona hata mara moja katika mazoezi ya mitihani, ambayo nimeyaendesha kwa miaka mingi na ninaendelea kuyaendesha asubuhi, mahali pake.

Kuhusu mchango, waraka unasema ni mdogo. Ni mdogo kwa anayeweza kuulipa, na kwa huyo haupunguzi chochote. Kwa asiyeweza, ni sababu ya kutosha ya kumwambia mtoto arudi nyumbani mapema awaangalie wadogo zake, kazi ambayo tayari inawavuta wengi, hasa wasichana. Waraka unaahidi msamaha kwa familia zitakazothibitisha kwamba hazina uwezo, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, walioandika hawakumfikiria mtoto wa umri huu. Kijana wa miaka 12 au 13 yuko radhi aseme kwamba chesi inamchosha kuliko kupeleka fomu inayotangaza hali ya nyumbani kwao mbele ya wenzake. Hatutamwona tena, na katika takwimu zetu ataandikwa kuwa amekosa ari. Zaidi ya hayo, fedha hizo lazima zikusanywe, zipewe stakabadhi, zidaiwe na zikaguliwe, na watakaofanya kazi hiyo ni walimu walewale tunaowahitaji wawe na watoto.

Wapo waliochagua njia nyingine. Jiji la New York, chini ya Meya Bill de Blasio, lilipanua mwaka 2014 programu za bure za baada ya shule kwa wanafunzi wa shule za kati, bila kuwachuja kwa kipato. Jiji la Reykjavik, Iceland, huwapa watoto posho ya kulipia michezo, muziki na shughuli nyingine. Katika nchi hiyo, vijana wa miaka 15 na 16 waliosema walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia walikuwa asilimia 42 mwaka 1998, na asilimia 5 mwaka 2016. Posho peke yake haikuleta badiliko hilo. Kulikuwa pia na sheria ya watoto kuwa nyumbani usiku na ushirikiano wa karibu wa wazazi. Ila hakuna aliyejenga mpango huo kwa kuwatoza wazazi kiingilio.

Najua utauliza fedha zitoke wapi. Ikiwa bajeti haitoshi, punguza siku. Alasiri tatu kwa wiki zenye wakufunzi wanaolipwa kwa wakati, vifaa na chakula chepesi zina faida kuliko tano ambazo mtu mmoja amekabidhiwa watoto hamsini ukumbini. Usafiri wa jioni usiguswe, kwa kuwa mzazi asiyejua binti yake atarudi vipi hatamruhusu abaki. Na badala ya kuipima programu kwa alama za mitihani, kila shule iwasilishe mwisho wa muhula idadi ya walioanza, ya waliobaki na ya waliobaki miongoni mwa wenye alama za chini. Safu hiyo ya tatu ndiyo itakayokuonyesha shule ipi inafanya kazi na ipi inajaza daftari.

Waraka umetoa nafasi ya maoni hadi mwisho wa muhula huu, lakini umewataja wakuu wa shule peke yao. Naomba wazazi, wakufunzi na wanafunzi wenyewe wasikilizwe kabla haujawa agizo. Mimi niko tayari kufika ofisini kwako siku utakayopanga, pamoja na daftari la mahudhurio la kikundi changu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati, shule ya kati